Mirija Kumi, Tipu Moja

Nyinyi mnaoingia maabara siku hizi na simu kwenye mfuko wa koti jeupe, nitaanza na kosa langu, ili mkichoka kusoma katikati muwe mmeshapata lililo muhimu. Niliwahi kupima damu ya mgonjwa katika mirija kumi kwa kutumia tipu moja. Tipu ni kile kidude cha plastiki kinachovishwa mdomoni mwa pipeti, kifaa cha kuvutia majimaji. Unavuta nacho mara moja, unatupa, unavisha kingine. Mimi sikutupa. Kwa sababu hiyo mtu alikaribia kukosa figo.

Naitwa Zainabu, mzaliwa wa Makina hapa Kibera, na nimestaafu. Mimi ni mtu wa haya. Si haya ya heshima ambayo watu husifia, ni haya ya kukosa sauti. Shuleni mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu lake nalijua, nilikuwa naangalia viatu vyangu mpaka amuulize mwingine. Nilipofika kidato cha pili nikaanza kuandika kwenye daftari yale niliyoshindwa kusema, na sijaacha hadi leo. Baada ya kidato cha nne nikasomea cheti cha maabara. Nilichagua maabara kwa sababu damu haikuulizi habari za nyumbani.

Kumbe damu ina watu wake. Mwezi wangu wa kwanza nilitumwa wodini kutoa damu ya mama mmoja aitwaye Wanjiru. Nikafika kitanda cha kwanza, nikauliza kwa sauti ya panya, "Wanjiru?" Mama akaitikia. Niliona haya kumuuliza jina la baba yake. Wodi ile ilikuwa na Wanjiru wawili. Mkubwa wangu ndiye aliyegundua, kwa sababu Wanjiru halisi alikuwa ameshapimwa hapo kabla na grupu lake la damu lilikuwa kwenye rejista, lingine kabisa. Alinirudisha wodini akanisimamisha mlangoni. "Ita jina lote," akasema. "Nataka hata mpishi asikie." Niliita nikilia.

Huyo mkubwa wangu alikuwa Mzee Wekesa, mtu wa Kawangware, mnene, anayeimba nyimbo za kanisa mashine ya kuzungusha damu inapozunguka. Alikuwa akisema wimbo wa beti tatu ni sawa na dakika moja, na ukikosa saa ya ukutani imba tu. Alinifunza kusoma mirija. Damu ikishazunguka, seli hukaa chini kama kitufe chekundu. Unainua mrija kwenye mwanga, unautikisa polepole, unaangalia kama kitufe kinamomonyoka na kuwa maji mekundu, au kinatoka vipande vipande. Vipande maana yake kingamwili zimeshika seli. Maji maana yake hakuna kitu. Tatizo ni mkono. Ukitikisa kwa nguvu unavunja vipande dhaifu na kujidanganya.

"Zainabu, unachanganya uji?" angeniuliza. "Tikisa kama mtu anayemsogeza mtoto mchanga kitandani, na hataki aamke."

Sasa niwaambie kazi yenyewe ilikuwa nini. Mtu wa grupu O ana kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B. Ukimpa figo ya mtu wa A, kingamwili zake zinaivamia hapo hapo kwenye meza ya upasuaji. Kwa hiyo siku hizo jibu lilikuwa rahisi: magrupu hayalingani, nenda nyumbani, tafuta ndugu mwingine. Lakini wako watu wa A ambao A yao ni hafifu, seli zao zimebeba alama chache. Tuliwatambua kwa dawa inayotengenezwa kutokana na mbegu, jamaa ya mbali ya njahi. Ndiyo, njahi mnazozijua, zile kunde nyeusi za Wakikuyu. Mzee Wekesa alipenda kuwaambia Wakikuyu wa ofisini, "Mnazila tu kwa harusi, sisi zinatufanyia kazi." A ya kawaida ikikutana na dawa ile hushikana vipande. A hafifu hubaki maji. Na kama mgonjwa wa O ana kingamwili chache dhidi ya A, na ndugu yake ana hiyo A hafifu, daktari jasiri anaweza kujaribu.

Uchache huo ndio tuliokuwa tukipima. Unapanga mirija kumi, unatia maji ya chumvi. Mrija wa kwanza unatia majimaji ya damu ya mgonjwa, unachanganya, unavuta nusu unapeleka wa pili, unachanganya, unavuta unapeleka wa tatu, hivyo hivyo hadi mwisho. Kila hatua nguvu inapungua nusu: mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Halafu kila mrija unatia seli za yule ndugu anayetoa figo. Mrija wa mwisho wenye vipande ndio jibu lako. Daktari wetu wa figo alikuwa ameweka mpaka kwenye nane. Nane au chini ya hapo, anapasua. Kumi na sita, hapasui.

Mgonjwa wetu aliitwa Mutua, fundi seremala wa Kawangware, grupu O. Dada yake Mwende, mkazi wa Kambi Muru huku Kibera, alikuwa anauza chapati na maharagwe karibu na reli. Ndugu wengine wote walipimwa wakakataliwa, huyu ana sukari, yule ana presha. Mwende peke yake ndiye alikuwa mzima kama chuma, na alikuwa A hafifu. Wiki ya uchaguzi wa mwisho wa 2007 tulipima tukapata nane. Upasuaji ukapangwa Ijumaa ya wiki ya pili ya Januari, kwa sharti moja: Jumatatu ya wiki hiyo tupime tena, jibu lisiwe limepanda.

Halafu matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na mnajua ghasia zilizofuata, hata kama mlikuwa wadogo mmesimuliwa. Sitawarudishia yote. Nitasema tu yaliyogusa benchi yangu. Mzee Wekesa alikwama Kawangware, barabara zimefungwa kwa mawe na matairi. Mutua aliyekuwa akija kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki alikosa kuja mara tatu mfululizo. Alipofikishwa hospitali alikuwa amevimba uso kiasi kwamba Mwende alimpita wodini bila kumtambua. Wakamlaza. Na mshipa wa kumuunganisha na mashine ulikuwa umebaki mmoja tu unaofaa, mwingine umeoza.

Mimi nilikuwa naenda kazini kwa miguu kutoka Makina, na maabarani tulibaki wawili. Majeruhi walikuwa wanaletwa, waliokatwa na waliopigwa risasi, na kila mmoja alihitaji damu iliyolinganishwa. Kila ulinganishaji unakula tipu. Gari la vifaa kutoka Industrial Area halikuja. Jumatatu asubuhi nikahesabu tipu, nikaona hazitoshi kufika jioni.

Basi nikawaza hivi. Huyu Mutua ana hadi Ijumaa. Huyu aliye kwenye machela hana hadi saa nne. Nikaamua kuweka tipu kwa ajili ya majeruhi. Nikapima mirija yote kumi ya Mutua kwa tipu moja. Na kuna jambo lingine nililoruka. Kanuni ilikuwa tunahifadhi majimaji ya kipimo kilichopita kwenye friza, na tunayapima tena pembeni ya yale ya leo, mistari miwili, ili kama mkono wako umeteleza mstari wa zamani ukusute. Niliona hiyo ni tipu kumi zaidi. Nikapanga mstari mmoja.

Jibu likawa sitini na nne.

Nikaandika sitini na nne. Nikatia sahihi. Karatasi ikapanda juu kwa daktari.

Mnaona kosa? Tipu ile ile ilibeba mabaki ya mrija mkali kwenye ukuta wake wa ndani na kuyasambaza mirija yote ya mbele. Mirija iliyotakiwa kuwa maji ikashika. Nililijua hilo. Hata hivyo nikajiambia huenda mwili umechafuka kwa kukosa kusafishwa, huenda kingamwili zimepanda kweli. Mtu akitaka kuamini, hakosi sababu.

Jumanne Mwende alikuja kwenye dirisha letu, lile la kupokea sampuli. Alikuwa ametembea kutoka Kambi Muru na viatu ameshika mkononi.

"Mama Rehema," akaniambia, maana Rehema ni binti yangu, "daktari amesema Ijumaa imefutwa. Ati damu ya Mutua imekasirikia yangu. Wiki ile haikuwa imekasirika. Nimemfanyia nini huyu mtu?"

Nikaangalia viatu vyake.

"Si wewe," nikasema.

"Sasa ni nani? Kama ni chakula niambie niache. Ama ni hii moshi ya vitoa machozi imeniingia kwa damu? Mimi nimelala nayo wiki mzima."

"Hapana. Moshi haiingii hivyo."

"Basi niambie nifanye nini."

Nikamwambia asubiri. Mwanamke ametembea katika hatari yote ile, nami nikampa neno hilo moja. Aliondoka akinishukuru. Daftari langu la siku hiyo lina mistari miwili tu, ninaiandika hapa kama ilivyo: "Nimetumia tipu moja mirija yote. Sijamwambia mtu."

Jumatano asubuhi kabla ya kutoka nyumbani nikampigia Mzee Wekesa. Nilikuwa nimejipanga kuongea habari za vifaa kwanza.

"Mzee, habari za huko?"

"Tuko ndani kama kuku. Jirani zangu wananilinda mimi, na mimi nawalinda wao, hakuna anayejua nani analindwa. Wewe sema."

"Yule Mutua amesoma sitini na nne."

Nikasikia watoto wake nyuma.

"Wiki ile alisoma nane. Ya friza imesoma ngapi pembeni yake?"

Nikaanza kumweleza habari za gari la vifaa.

"Zainabu. Umetumia tipu ngapi?"

Sikujibu.

"Nyamaza hivyo hivyo, nimeshasikia," akasema. Kisha, bila hasira, kama mtu anayetafuta ufunguo: "Daktari anajua?"

"Bado."

"Mwambie kwanza. Kabla ya kupima tena. Ukipima kwanza ukapata nane, utashawishika kuficha. Ukipata sitini na nne, pia utaficha. Mwambie ukiwa hujui."

"Mzee, tipu hazipo."

"Mimi nilianza kazi hii tipu hazijazaliwa. Kuna pipeti za kioo kabati la chini, nyuma ya mizani. Chukua glasi tatu za bika zenye maji ya chumvi. Kila ukitoka mrija mmoja, osha ya kwanza, osha ya pili, osha ya tatu, futa nje kwa shashi, ndipo uingie mrija unaofuata. Maji ya bika yabadilishe kila mrija wa tatu. Usiharakishe. Na seli za Mwende ziwe mpya, za Jumatatu zimechoka. Na Zainabu."

"Naam."

"Mistari miwili."

Daktari wetu wa figo alikuwa mwanamke mfupi, mkali, aliyekuwa amelala hospitali siku sita. Nilimkuta kwenye korido akinywa chai amesimama. Nikamwambia. Sijui nilisemaje, najua tu kwamba nilisema yote, tipu na mstari mmoja, na sauti yangu ilikuwa ndogo hadi akaniinamia.

"Kwa hiyo sitini na nne si kweli?"

"Sijui. Ninachojua, kipimo si kipimo."

Akaweka kikombe chini. "Nafasi ya Ijumaa nimeshairudisha chumba cha upasuaji. Wanaingiza mtu wa risasi ya paja. Nikiirudisha tena kwangu nitagombana na kila mtu, na sitagombana kwa 'sijui'. Leo saa kumi nataka namba. Ikipita saa kumi, huyu bwana anabaki na mshipa mmoja."

Akampigia Mwende mbele yangu. Mwende akasema vijana wamefunga njia ya reli, hawezi kutoka.

"Nitaenda mimi," nikasema. Daktari akageuka kuona kama kuna mtu mwingine amesema.

Nikachukua sindano, mirija miwili na termosi ya chai niliyotia barafu. Njia za ndani za Kibera nazijua tangu utoto, nikapita nyuma ya nyumba hadi Kambi Muru. Mwende akatoa mkono akiwa amekaa juu ya mtungi wa maji uliogeuzwa. Jirani yake, mama wa Kitui mwenye maneno, akasimama mlangoni.

"Mwende, damu yote iliyomwagika barabarani hawa wa hospitali hawajaiona? Lazima waje kuchota yako?"

"Hiyo ya barabarani haina A hafifu," Mwende akamjibu. Alikuwa amelikariri neno hilo kama jina la mtoto wake. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kuna matumaini, ama unanitoa damu bure tu?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kwamba Jumatatu mimi ndiye niliyekosea, na kwamba sijui leo itasoma nini. Nilingoja anitukane. Alikunja mkono akashika pamba kwenye tundu la sindano.

"Na jana ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nenda upime," akasema. "Hayo mengine tutaongea Mutua akipona."

Kurudi, karibu na reli, vijana watano wakanisimamisha. Mmoja alikuwa na rungu, mwingine ameshika jiwe kama mtu aliyesahau kuwa analo.

"Niaje mathe. Hiyo termosi ni ya nini?"

Nikafungua. Wakaona mirija.

"Hii ni damu! Mathe, hii ni damu ya nani?"

"Ya mtu wa Kambi Muru. Anampa ndugu yake figo."

"Ndugu yake ako wapi?"

"Hospitali. Anaishi Kawangware."

"Ni damu ya kabila gani?"

"Grupu A," nikasema.

Wakaangaliana. "A ni wa wapi hao?"

"Si hao. Ni grupu. Lakini yake ni hafifu kidogo, ndiyo maana naharakisha."

Yule wa jiwe akacheka, akamgeukia mwenzake. "Wacha apite buda, barafu inayeyuka." Akatembea nami hadi njia inapoiacha reli, na hakuniambia jina lake, nami kwa haya sikumuuliza.

Nilifika saa saba na nusu. Mwenzangu wa zamu akachukua kazi zote za majeruhi. Nikapanga mirija ishirini: juu damu ya Mutua ya leo, chini ile ya friza. Bika tatu. Osha, osha, osha, futa. Ilinichukua karibu saa nzima kupanga tu. Nilipofika mrija wa saba chai ya mtu ikamwagika pembeni, sikuinua kichwa. Nikatia seli, nikangoja, nikazungusha, na kwa kuwa sikuiamini saa ya ukutani niliimba kimoyomoyo wimbo wa kanisa wa Mzee Wekesa, mimi Mwislamu, beti tatu.

Mstari wa friza: mbili imeshika, nne imeshika, nane imeshika vipande vidogo, kumi na sita maji. Kama wiki ile ya uchaguzi. Mkono ulikuwa sawa.

Mstari wa leo: mbili, nne, nane vipande. Kumi na sita nikainua kwenye mwanga, nikatikisa. Kitufe kikamomonyoka kikawa moshi mwekundu. Maji. Thelathini na mbili maji. Sitini na nne maji.

Nikamwita mwenzangu asome bila kumwambia nimepata nini. Akasema nane na nane.

Saa tisa na dakika arobaini nilikuwa mlangoni kwa daktari.

"Nane," nikasema. "Zote mbili."

"Nani amesoma?"

"Mimi. Na mwenzangu, bila kujua yangu."

"Ukiambiwa ule kiapo?"

"Nakula."

Akachukua simu ya mezani na kuanza kugombana.

Mutua alipasuliwa Ijumaa. Figo ya Mwende ilianza kutoa mkojo hapo hapo mezani, na muuguzi aliyeleta habari maabarani alizileta akikimbia. Mimi nilipata barua ya onyo, na niliistahili. Iko kwenye faili langu. Kwenye rejista nilipiga mstari mmoja juu ya ile sitini na nne, ili isomeke bado, nikaandika pembeni "tipu moja, mstari mmoja, kosa langu", na jina langu lote. Msifute kosa kwa wino mweupe. Anayekuja baadaye anahitaji kuliona.

Sasa mna mashine. Inavisha tipu yenyewe, inatupa yenyewe, inasoma vipande kwenye kadi kwa jicho lisilochoka. Ni nzuri. Mashine haina haya. Lakini ikiishiwa tipu inasimama na kulia, na ni mtu anayekuja kuamua itaendelea vipi. Wakati huo uliza kama mwenzako yupo, na kama hayupo mpigie simu. Na kama umeshakosea, sema ukiwa bado hujui litakuwaje, maana ukishajua itakuwa vigumu zaidi.

Miezi minane hivi baada ya upasuaji Mutua alikuja kliniki, akapita dirishani kwetu na kitu amekifunga kwenye gazeti. Alikuwa amenenepa, mikono ina vumbi la mbao tena. Mwende alikuwa nyuma yake.

"Dada yangu ameniambia yote," akasema. "Hata ile ya Jumanne."

Nikaangalia chini.

"Ai, angalia hii, si viatu," Mwende akaniambia.

Nikafungua gazeti. Kilikuwa kishikio cha mirija, cha mbao ngumu iliyopigwa msasa hadi ikawa laini kama sabuni. Mashimo yalikuwa makubwa kidogo, mirija ilikuwa inainama humo kama walevi, na Mzee Wekesa alicheka hadi akakaa. Lakini tulikitumia hadi mwaka niliostaafu. Mutua alikuwa ametoboa mashimo ishirini, kumi juu na kumi chini, na Mwende alisema alikataa kabisa kutengeneza cha mstari mmoja.